Herufi Moja

Newala, Oktoba, mnada wa pili wa msimu.
Sanduku la zabuni lilifunguliwa mbele ya wakulima,
karani wa chama akasoma kwa sauti ya mtu mwenye mafua,
na mimi, afisa mdogo wa Tume, vumbi jekundu hadi magotini,
nikaona kitu ambacho kingenipa jina:
kampuni nne, bahasha nne,
bei zimepishana shilingi moja moja kama ngazi,
na zote nne zimeandika "korosho gafi".

Gafi. Bila ile h.

Watu wanne hawaisahau herufi ileile kwa bahati.
Ndivyo nilivyoliambia Baraza, ndani ya suti ya kuazima.
Faini ikatoka.
Mjomba Nalinga, ambaye mikorosho yake ndiyo iliyonisomesha,
alichinja jogoo, akawatangazia majirani pale Mnyambe:
"Mpwa wangu amewafunga matajiri kwa herufi!"
Hakuna aliyefungwa. Sikumsahihisha.

Miaka tisa ya mshahara wa serikali.
Kisha Dar es Salaam, ghorofa ya saba, zulia linalomeza nyayo,
na mteja wa kwanza kuketi mbele yangu
alikuwa mmoja wa wale wanne.
"Nimekufuata," alisema, "kwa sababu ulinishinda."
Nikaanza kulijenga kwa matofali yaleyale jumba la upande wa pili:
kwamba mvua moja hulowesha mapaa yote
bila mapaa kukaa kikao;
kwamba kufanana si kupatana;
kwamba anayedai njama na alete siku, alete chumba,
alete hata kikombe kilichonywewa chai.
Nilishinda. Nilishinda tena. Nikajenga Shangani, nyumba yenye kisima.

Mjomba aliniuliza mara moja tu,
akibangua korosho za kuchoma, vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda:
"Lile neno lako la zamani, la herufi. Lilikuwa uongo?"
"Hapana, mjomba."
"Na hili la sasa?"
"Nalo si uongo."
Akapuliza majivu kwenye kokwa, akanipa.
Yake akaila polepole, akitazama salfa iliyoganda kwenye majani.

Sasa nafundisha, hapa Mtwara,
darasa lina feni mbili, moja hai.
Stamili, binti wa Kitangari, alinyoosha mkono:
"Mwalimu, mama zetu pale stendi,
pakiti elfu mbili, wote elfu mbili, kutoka alfajiri.
Hao nao tuwapeleke Tume?"
Darasa likacheka. Nilishika chaki
nikaandika: Akishusha mmoja, nani hulala njaa?
Nikafuta.
Nikaandika tena, nikaambiwa muda umekwisha.

Juzi usiku nilikuwa nasahihisha mitihani.
Karatasi ya kumi na tisa na ya ishirini na sita:
miandiko mbalimbali, madawati mbalimbali,
na wote wawili, mwanzo hadi mwisho, "sheria ya ushidani".
Bila ile n.
Yule afisa akainuka ndani yangu, viatu vyekundu,
kalamu nyekundu mkononi. Nimewakamata.
Karatasi ya thelathini: ushidani.
Ya thelathini na nne. Ya arobaini, ya Stamili mwenyewe.
Nikaenda kabatini, nikatoa muhtasari niliowapa wiki ya kwanza.
Ukurasa wa tatu, kichwa cha habari, mkono wangu:
SHERIA YA USHIDANI.

Nilicheka peke yangu mpaka mbwa wa jirani akajibu.
Kisha kicheko kikanikauka.

Pale Newala, kando ya ghala, palikuwa na ubao wa matangazo,
na juu yake mfano wa barua ya zabuni,
kila mnunuzi alipaswa kuunakili.
Aliuandika karani, yule mwenye mafua.
Nilipita mbele yake mara mbili siku ile,
mbio, nina ushahidi kwapani,
na sikugeuza shingo kuusoma.